Digrii ya kwanza imeisha, umaskini haujaisha



Leo nataka kuongea na wewe ambaye masta yako imekwama. Si lazima useme, tunakujua. Kozi ulimaliza. Mitihani ulipita. Pendekezo la utafiti ulilitetea mbele ya maprofesa, ukapigiwa makofi, na nyumbani mama akapika pilau. Halafu ukafika mahali pa kwenda kukusanya data na pesa ikaisha. Sasa tasnifu iko sura ya tatu, ndani ya laptop ambayo betri yake imekufa. Supavaiza alikutafuta mara mbili, akachoka. Mtu akikuuliza "masta imefikia wapi?" unajibu "nakaribia", kisha unabadilisha mazungumzo.

Muhula ukianza unapata ujumbe kwamba jina lako haliko kwenye orodha kwa sababu hujajisajili. Hujajisajili kwa sababu una deni la karo. Una deni kwa sababu huna kazi ya maana. Na kazi ya maana huna, wanakwambia, kwa sababu huna masta.

Mimi nimesimama kwenye hilo dirisha. Chuo sikitaji. Nilikuwa nimebakisha elfu arobaini na kidogo. Nikauliza kama kuna msaada wowote kwa mwanafunzi aliyekwama. Yule mama wa ofisini hakuwa mtu mbaya. Aliniangalia akauliza, "Wewe ni wa digrii?" Nikamwambia ni wa masta. Akafunga faili polepole. "Hiyo si yenu, mwanangu. Ya masta mtu anajilipia."

Nilitoka pale nikiona aibu, kama niliyeomba kitu kisichonihusu. Imenichukua muda kuelewa kwamba aibu haikuwa yangu. Na hiyo sentensi, "ya masta mtu anajilipia", ndiyo nataka tuikatae leo, mimi na wewe.

NANI ALISEMA MASTA NI ANASA?

Wanaosema masta ni anasa ni wale wale wanaoidai. Angalia matangazo ya kazi za serikali na mashirika. Ukitaka kupanda daraja, masta. Ukitaka kusimamia mradi, masta. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni kwamba mhadhiri wa chuo kikuu awe na PhD, na walimu waliokuwa na masta tu wakapewa miaka kadhaa waipate. Sawa, hatupingi viwango. Lakini kanuni haikuja na pesa. Waliambiwa wapande ghorofa ya juu, na ngazi wajitafutie.

Sasa jiulize ngazi hiyo ataipata nani. Ataipata mwenye baba mwenye ploti, mwenye mjomba Nairobi, au mwenye mwajiri wa kumlipia. Mtoto wa mvuvi wa Faza, mtoto wa mchuuzi wa Garissa Ndogo, mtoto wa mkulima wa mnazi wa Msambweni, atabaki na digrii moja ukutani na barua za "tunasikitika kukujulisha".

Na matokeo yake tunayaona kwa macho. Pwani University ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, Technical University of Mombasa mwaka huo huo, Garissa University mwaka 2017. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini chuo ni wanaofundisha ndani yake na wanaotafiti, majengo peke yake hayatoshi. Kama kijana wa hapa hawezi kumaliza masta, ataingiaje darasani kama mhadhiri? Nani ataandika kuhusu maji ya Mandera, ardhi ya Kwale, bandari ya Lamu, akiwa ameishi hayo mambo? Ripoti zitaendelea kuandikwa na mgeni anayekuja wiki mbili na gari la kukodi, na sisi tutaendelea kuwa watu wa kuhojiwa chini ya mwembe.

MJADALA WOTE UMEISHIA DIGRII YA KWANZA

Tukumbushane historia kidogo. Mpango wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu ulianza 1974. HELB ikaundwa kwa sheria mwaka 1995. Mwaka 2023 Rais Ruto akazindua mfumo mpya wa kufadhili vyuo: skolashipu, mkopo, na mchango wa familia, kulingana na uwezo wa nyumba ya mwanafunzi. Vijana wakalalamika kwamba kipimo kile kinamweka mtoto wa mama mboga kundi moja na mtoto wa meneja. Kesi ikaenda kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Hayo yote umeyasikia. Umeandamana, umetuma jumbe, umechangia mijadala mpaka usiku. Na ulifanya vizuri. Lakini je, umegundua kwamba katika kelele zote hizo neno "masta" halikusikika? Mfumo mpya ni wa wanaoanza digrii na wanaoenda vyuo vya ufundi. Kipimo cha umaskini ambacho serikali inakitumia, hata kama ni kibovu, kinapimwa kwa wanaotoka kidato cha nne. Ukimaliza digrii, kwa hesabu ya serikali, ni kama umaskini wako umefuzu pamoja na wewe, mkavaa joho pamoja, mkapiga picha na kuachana hapo getini.

Nyumba ni ile ile. Baba ni yule yule mwenye kisukari. Wadogo zako bado wanasoma, na sasa wanakutazama wewe.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu. Haikuandika "mpaka digrii ya kwanza". Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango ya makusudi ili makundi yaliyotengwa yapate fursa maalum za elimu na uchumi. Na makundi na maeneo yaliyotengwa si mambo ya kubahatisha. Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14 katika sera yake ya kwanza: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, West Pokot, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Serikali yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba hawa waliachwa nyuma. Kwa hiyo tunapouliza mbona hakuna fungu la kuwasaidia wafike masta na PhD, hatuombi upendeleo. Tunasoma Katiba kwa sauti tu. Na tazama orodha tena: Turkana, Samburu na West Pokot si Waislamu walio wengi huko. Hili ni jambo la kila mtoto wa maskini nchini.

KARO NI MWANZO TU WA SAFARI

Wale wasiojua wanadhani shida ni karo. Karo ni shida, laki kadhaa si mchezo, na kwa masta mara nyingi hakuna anayekulipia hata robo. Lakini waliokwama wengi hawakukwamia hapo. Walikwama karibu na mwisho, kwa gharama ambazo hakuna aliyewaambia.

Hesabu pamoja nami. Kuna ada ya kamati ya maadili ya utafiti. Kuna leseni ya NACOSTI. Kuna nauli ya kwenda ulikochagua kufanyia utafiti. Ukiwa umechagua Wajir na chuo kiko Nairobi, unajua mwenyewe. Kuna wasaidizi wa kukusanya data, ambao nao wana tumbo. Kuna maabara: kemikali unanunua, sampuli unalipia kila moja. Kuna kuchapa na kujalidi nakala. Kuna ada ya mtihani wa tasnifu. Kuna ada ya mahafali, ambayo ni ya lazima hata kama hutaki kuvaa joho.

Halafu kuna hili la kuchapisha. Kanuni za 2014 zilitaka mwanafunzi wa masta awe amechapisha makala moja katika jarida la kitaaluma kabla ya kufuzu, na wa PhD makala mbili. Majarida mengi yanamtoza mwandishi, tena kwa dola. Ukikosa za kulipa jarida la kweli, matapeli wa majarida ya uongo wanakungojea kwenye barua pepe, "Dear Professor", wachapishe upuuzi wako kwa siku tatu. Yaani kanuni iliyowekwa kuinua kiwango inamsukuma maskini kwenye mikono ya wezi, na tajiri inampitisha.

Na kuna gharama ya muda, ambayo ndiyo inauma zaidi. Masta ya miaka miwili inakuwa mitano. Kila mwaka unaozidi una ada yake. Supavaiza akisafiri, saa inahesabu. Wahadhiri wakigoma kudai haki yao, kama mgomo wa 2025 uliochukua siku 49, saa inahesabu. Umeuguza mama miezi sita, saa inahesabu. Mwenye pesa akichelewa analipa na kuendelea. Wewe ukichelewa unatupwa nje, na zile laki ulizolipa tayari zinabaki kwa chuo. Hakuna duka Biashara Street linaloweza kumfanyia mteja hivyo likaachwa salama.

Kwa hiyo tunaposema "msaada wa dharura" hatusemi serikali imlipie kila mtu masta kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tunasema kuna mtu amevuka bahari, amebakisha hatua kumi kufika ufukweni, na anazama kwa sababu ya elfu thelathini. Huyo ndiye tunayemzungumzia.

"SI UKOPE?"

Utaambiwa, HELB ipo. Ndiyo ipo, na ina mikopo ya masta na PhD, na miaka mingine imetangaza skolashipu chache. Hatutasema uongo. Lakini tuangalie inamkuta mtu akiwa na hali gani.

Wewe bado una deni la digrii ya kwanza. Mwaka mmoja baada ya kumaliza, deni lilianza kudaiwa, uwe na kazi au usiwe nayo. Ukikosa kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Fanya hesabu: mwaka mmoja wa kukaa bila kazi ni shilingi 60,000 za faini peke yake, kabla ya deni lenyewe. Hiyo 60,000 ni nini? Ndiyo pesa ambayo ingekumalizia tasnifu. Serikali haina ya kukupa ukiwa umekwama, lakini ina ya kukutoza kwa kuwa umekwama.

Na mkopo wa masta unamfaa zaidi mwenye payslip. Mwenye mshahara anakopa, anakatwa kila mwezi akiwa bado anasoma, anamaliza. Mungu ambariki. Lakini msaada wa shida unaomhitaji kwanza mtu asiwe na shida, huo si msaada, ni bidhaa ya benki.

Halafu kuna riba. Mkopo wa digrii ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mtu wa nje atakwambia hiyo ni ndogo sana, mbona mnasumbua? Wewe unajua kwamba kwetu swali si ukubwa wa namba. Wako waliochukua kwa dharura na roho zao hazijatulia. Wako waliokataa na wakaacha shule. Simhukumu hata mmoja. Ninachohukumu ni mfumo unaomwambia kijana achague kati ya dini yake na elimu yake, kisha ukishaona wachache wameomba, unasema "watu wa huko hawapendi kusoma".

Tusidhani ni Kenya peke yake. Uingereza walianzisha mkopo wa serikali wa masta mwaka 2016 na wa PhD mwaka 2018. Waislamu wa huko waliahidiwa mkopo usio na riba tangu 2013, sheria ya kuuruhusu ikapitishwa 2017, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wanasubiri. Funzo ni kwamba ahadi bila ya tarehe ni maneno ya jukwaani. Tukiahidiwa, tuulize: lini, kwa fomu ipi, na je, ni ya masta pia?

BASARI ZA KUOMBEA

Utaambiwa tena, kaunti ina basari, mbunge ana basari. Unaijua hiyo njia. Unapiga kopi barua ya chifu, barua ya imamu, kitambulisho cha mama. Unapanga foleni. Ukifika mbele unaulizwa "ni ya nani?", na ukisema ni ya kwako mwenyewe, wa masta, mtu anacheka: "Wewe si ulishasoma?" Ukibahatika unapata elfu tano, unapigwa picha umeshika hundi kubwa ya karatasi, na picha inakaa kwenye ukurasa wa mheshimiwa mpaka uchaguzi ujao.

Haki haigawiwi hivyo. Na hata hiyo elfu tano haina msingi imara. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alisimamisha basari za kaunti mpaka kuwe na makubaliano rasmi na serikali kuu, kwa sababu kwa Katiba elimu ya chuo kikuu ni kazi ya serikali kuu, na kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini. Magavana wakapiga kelele, wazazi wakalia. Lakini katika ule ugomvi ukweli mmoja ulitoka: jukumu la chuo kikuu ni la Nairobi. Basi Nairobi isijifiche nyuma ya hundi ya mheshimiwa.

PESA IKO WAPI?

"Serikali haina pesa." Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, na nataka tuijibu kwa heshima kwa sababu si uongo wote. Nchi ina madeni. Vyuo vya umma vina madeni. Wahadhiri wanadai. Wa mwaka wa kwanza wamelala njaa. Mtu anaweza kusema kwa nia safi: acheni hao wadogo wapate kwanza, nyinyi tayari mna digrii.

Jibu langu ni hili. Hatutaki mkate wa mdogo wetu. Lakini sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na ikaandika kwamba kila mwaka wa fedha Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa huo mfuko. Asilimia mbili. Bunge lilipitisha, si sisi tuliotunga. Hakuna mwaka ambao Hazina imekaribia kiwango hicho. Hatuombi pesa mpya. Tunauliza sheria ile imeenda wapi, na tunaomba sehemu ndogo tu ya kinachotolewa iwafikie wanafunzi wanaofanya utafiti wenyewe, kwa kuangalia shida yao, si alama zao peke yake.

Na inawezekana, tena hapa hapa Afrika. Afrika Kusini, mfuko wao wa utafiti ulibadilisha sera ya ufadhili wa masta na PhD kuanzia mwaka wa masomo 2021. Anayetoka nyumba yenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka anaweza kupewa gharama kamili ya masomo. Wana matatizo yao, wana maandamano yao, na si kila anayestahili anapata. Lakini wamekubali kitu ambacho sisi bado tunabishana nacho: mwanafunzi wa masta anaweza kuwa maskini.

Wako pia wanaosema, "Mbona waliomaliza masta wanaendesha bodaboda?" Kweli wapo. Lakini hoja hiyo haiambiwi mtoto wa waziri. Yeye anaenda kusoma masta ng'ambo na hakuna anayemwuliza ataifanyia nini. Hekima ya kwamba elimu haina faida hugawiwa maskini bure.

TUSEMESHANE NA SISI WENYEWE

Sasa nikigeuka kwetu, usikasirike. Dai letu kwa serikali litakuwa na uzito zaidi tukiangalia nyumba yetu pia.

Misikiti yetu mingi ina kamati ya elimu. Ni jambo zuri. Lakini fungu linaishia kidato cha nne, au kwa bahati, mwaka wa kwanza wa chuo. Harusi tunaichangia laki nane kwa kundi la WhatsApp kwa wiki mbili. Kijana aliyebakisha elfu thelathini amalize PhD ya uhandisi wa maji anaambiwa "tutaona baada ya Ramadhani".

Haikuwa hivi zamani. Pale Al-Azhar, Misri, kulikuwa na riwaqi, mabweni ya wanafunzi wa mbali kwa kila eneo, mpaka ya watu wa Pembe ya Afrika, na mkate wao ulitoka kwenye mali za waqfu. Mwanafunzi wa fani za juu hakuulizwa "si ulishasoma?". Alilishwa ili asome zaidi. Kwetu hapa waqfu zipo, Mombasa, Lamu, Malindi, na sheria mpya ya waqfu ya 2022 ipo. Zina nyumba, zina maduka. Ni haki kuuliza kwa adabu: kodi za hizo nyumba zinakwenda wapi, na je, kijana mwenye tasnifu iliyokwama ana sehemu?

TUNACHODAI

Tuseme wazi ili mtu asijifanye hakuelewa.

1. Kila chuo kikuu cha umma kiwe na fungu la dharura kwa wanafunzi wa masta na PhD, lenye kanuni zilizoandikwa na kubandikwa: nani anastahili, kiasi gani, na jibu litoke kwa siku ngapi.

2. Saa isimame. Mwanafunzi aliyeshindwa kuendelea kwa ugonjwa, msiba, mgomo au ukosefu wa pesa aahirishe bila kutozwa, na muda huo usihesabiwe.

3. HELB iwe na mkopo wa kumalizia kwa asiye na payslip, usio na riba, wenye ada ya usimamizi inayojulikana mapema. Na faini ya 5,000 isimtozwe mtu ambaye bado yuko darasani.

4. Mfuko wa Taifa wa Utafiti utenge posho za utafiti kwa wanafunzi kwa kigezo cha shida, na utangaze kila mwaka zimekwenda kaunti zipi.

5. Kama kuchapisha ni sharti la kufuzu, chuo kilipie kuchapisha, au sharti liondoke.

UFANYE NINI WIKI HII

Usingoje maandamano. Kuna kazi ya kalamu.

Kwanza, uliza kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari iliyoko kwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa chuo chako: mna fungu la dharura la wanafunzi wa masta? Mwaka jana lilikuwa na pesa ngapi? Walipata wangapi? Weka nakala yenye muhuri. Siku zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Hulipi kitu.

Pili, ukinyimwa msaada, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. "Hiyo si yenu" si sababu. Mimi sikuomba sababu siku ile, na najuta.

Tatu, bajeti ya kaunti ikiletwa kwa wananchi, nenda. Kila kaunti hupeleka mpango wake wa fedha bungeni kabla ya mwisho wa Februari na makadirio kabla ya mwisho wa Aprili. Vile vikao huwa vina wazee kumi na soda. Ingia wewe na wenzako watano, mwulize kama yale makubaliano na serikali kuu yanawahusu wanafunzi wa masta.

Nne, jitokezeni. Wa masta mmetawanyika, hamna bweni moja, hamna kelele. Kila mmoja anadhani amekwama peke yake kwa uzembe wake. Anzisha kundi la waliokwama katika chuo chako. Andikeni: jina la kozi, mwaka mlioanza, mmebakisha nini, mnadaiwa ngapi. Mtu mmoja mwenye deni ni mzembe machoni pao. Watu themanini wenye karatasi ni kesi.

Na tano, kama wewe ulimaliza, umepata kazi, tafuta mmoja. Mmoja tu. Usimtumie "Allah akufanyie wepesi" ukaenda zako. Mwulize amebakisha nini.

Kwako wewe uliyekwama: toa ile laptop chini ya kitanda. Mpigie supavaiza, mwambie ukweli wote, hata wa pesa. Kisha andika ile barua ya siku 21 kabla Ijumaa haijafika. Mtu akikuuliza masta imefikia wapi, usiseme tena "nakaribia". Sema imekwama, na useme imekwamishwa na nini.

Msambazie mwenzako mwenye tasnifu kabatini. Na kama ofisi imekujibu, au imekataa kukujibu, tuandikie hapa chini.